Kidoti Kilicholala Murongo

Vijana wangu, mteja akiingia uani na kukuambia, "Fundi, ramani ya gari haishiki," usikimbilie bisibisi. Mtoe nje ya banda, yeye na gari lake, lisimame mahali peupe, kisha umwombe atulie dakika tano bila kugusa kitu. Hizo dakika tano ndizo ngumu kuliko kazi yote. Mimi nimefanya umeme wa magari hapa Kayanga mpaka macho yalipogoma kuona waya mwembamba, na nawaambia, magari mengi yaliyoletwa kwangu kwa ugonjwa huo yalipona kwa kusimama tu peupe. Kifaa kilicholala wiki nzima chini ya mabati kinahitaji muda kuzitafuta setilaiti upya. Mwenyewe hana subira. Anawasha, anazima, anawasha tena, na kila akiwasha kazi inaanza mwanzo.

Jambo la pili wengi mnalichanganya, wala msione haya. Kifaa cha kufuatilia gari kina kazi mbili. Kwanza kinasikiliza setilaiti ili kijue kiko wapi. Halafu kinatumia laini ya simu, kupitia mnara, kumpelekea mwenye gari habari hiyo. Kazi moja inaweza kufa na nyingine ikaendelea. Kikikosa setilaiti huku mnara upo, kitaendelea kutuma, ila kitatuma mahali pa mwisho kilipopajua. Mwenye gari ataona kidoti kimetulia kwenye simu yake, na vile vifaa vyetu vya bei rahisi havimwambii kwamba kidoti hicho ni cha tangu mchana. Hilo mlishike sana. Kuna rafiki yangu alikufa na jina lake likachafuka kwa sababu ya hilo, na mkono uliokosea ni huu wangu.

Nitafika huko. Nipeni nafasi nizunguke kidogo, maana hata leo siingii moja kwa moja.

Aliyenifundisha ni Mzee Seif. Babu yake alitoka Pangani na mzigo wa vitambaa, akaishia huku kwenye baridi, na ukoo ukabaki. Mzee Seif alianza na redio kabla ya magari. Redio ikikwaruza, swali lake lilikuwa moja, "Mwanangu, kuna nini kati ya antena na mbingu?" Nilidhani ni maneno ya mzee anayependa kusikika. Miaka ikapita, zikaja hizi GPS, nikakuta swali ni lile lile. Alikuja kijana mmoja, gari lote amelipiga tinti, hadi kioo cha mbele ameacha kijidirisha cha kuchungulia tu. Tinti ile ina madini ndani yake. Setilaiti ipo mbali mno, sauti yake ikifika hapa imechoka, halafu unaiwekea ukuta. Nilimwambia abandue ukanda wa juu. Akasema bora apotee njia kuliko kuonekana. Nikamtakia safari njema.

Mwingine, dereva wa kwenda Bukoba, ramani yake ilikuwa inapotea akiwa katikati ya safari. Ameshazunguka kwa mafundi wawili, na moyoni ameshaamua kwamba ni mwenzake wa zamani wa biashara aliyemfanyia mambo. Nilikaa naye ndani ya gari, nikaanza kuchomoa kimoja kimoja: kamera ya kioo cha mbele, redio, taa za urembo. Nilipofika kwenye chaja ya simu ile ya bei ya chini anayochomeka pale pa kiberiti, ramani ikarudi. Nikaichomeka, ikapotea. Nikachomoa, ikarudi. Chaja mbovu inapiga kelele ambayo sikio lako halisikii lakini antena inasikia. Alihuzunika kidogo. Nadhani alikuwa ametamani awe yule mwenzake.

Na yupo mwalimu mkuu mmoja mstaafu aliyenunua gari lililokuja na ramani yake kutoka Japani. Mwanamke wa ndani anaongea Kijapani, na kwenye kioo gari linaonekana limeegeshwa baharini. Nilimweleza kwamba ramani ile ni ya kwao na haitashika huku hata afanyeje. Akaniambia, "Mwache, fundi. Ataizoea nchi." Mpaka leo anamwitikia kila asubuhi akiwasha gari. Sijamtoza chochote kwa hilo.

Basi. Kitu kingine alichonifundisha Mzee Seif ni kurekebisha taa kubwa. Gari la mizigo likiwa tupu, unapanga taa vizuri zinamulika barabara. Likipakiwa, matako yanashuka, pua inainuka, taa zinamulika vichwa vya migomba. Kwa hiyo alikuwa anatufanya tupakie magunia ya kahawa nyuma ndipo tuguse skrubu ya taa. Kazi inachosha, tunanung'unika, yeye anakunywa kahawa yake. "Lipime kama litakavyofanya kazi," anasema. Niliishika kanuni hiyo kwa taa maisha yangu yote. Kwa antena sikuishika siku moja tu.

Siku hiyo aliniletea gari Bi Zuhura, binti yake Mzee Seif, mfanyabiashara hapa mjini. Gari lake lilikuwa la kubeba vitu vya dukani kwenda Murongo mpakani na kurudi na ndizi. Alitaka kifaa cha kufuatilia, tena kifichwe, wezi wasikione. Nikakisukuma ndani kabisa ya dashibodi, chini ya bamba la chuma, antena yake ikabaki inachungulia mbingu kupitia juu ya kioo cha mbele, sehemu nyembamba tu. Sikuipenda. Lakini nilipokipima uani kilishika setilaiti za kutosha, kidoti kikakaa palepale tulipo, Bi Zuhura akafurahi. Nami nilikuwa nawahi harusi ya mpwa wangu. Nikafunga dashibodi nikaenda kuoga.

Dereva wa gari hilo alikuwa Anatoli. Wazazi wake walitoka Burundi kuja kulima mashamba ya watu, wakafia huku, akabaki yeye peke yake bila kaka wala shangazi. Alifanya kazi hadi akanunua kibanja kidogo Igurwa, akaoa, wakampata Neema. Alikuwa mtu wa kucheka kabla hujamaliza kusimulia. Kila akipita kutoka Murongo alinishushia kichana cha ndizi mbivu, anapiga honi, anasema, "Kaka Proje, leo usinishukuru." Nilimpenda, niseme wazi. Katika watu wote waliopita uani kwangu, yule nilimpenda.

Jumanne moja, msimu wa mvua, alipeleka bidhaa Murongo. Mchana wakampakia mikungu juu ya keria. Mnajua wapakiaji wa huku wanavyofanya: wanatandika majani mabichi ya migomba chini, wanafunika mengine juu ili ndizi zisichubuke, na mengine yananing'inia mbele kama nywele juu ya kioo. Mvua ikanyesha juu ya yote hayo. Alasiri Bi Zuhura akampigia, simu haipatikani. Akafungua simu yake, akaona kidoti kiko Murongo. Akasema mvua imemzuia. Jioni kidoti kiko Murongo. Akaenda kulala.

Jumatano asubuhi kiko Murongo bado, halafu kama saa mbili kikatoweka kabisa. Bi Zuhura akampigia kijana wa bodaboda anayemfahamu kule mpakani.

"Gari lenu liliondoka jana mchana, mama," kijana akamwambia. "Nililiona na macho yangu likipanda kilima."

"Haiwezekani. Simu inaonyesha lilikuwa hapo hapo usiku kucha."

"Waitu mama, mimi nakwambia liliondoka."

"Basi limefichwa kwenye ua wa mtu. Litafute."

Wakazunguka Murongo nyua zote. Nami nilikuwepo dukani kwa Bi Zuhura asubuhi hiyo, na nilikuwa wa kwanza kusema kwamba kifaa hakidanganyi, nimekifunga mwenyewe. Alasiri wanawake waliokwenda kupalilia bondeni huko Bugomora wakalikuta gari limelala ubavu ndani ya migomba, chini kabisa ya barabara. Anatoli alikuwa nje, ameegemea tairi, ameshapoa.

Watu wakapiga hesabu yao. Kidoti kililala Murongo, kikatoweka saa mbili asubuhi: basi ndipo alipotoka na ndipo alipoanguka. Kwa nini dereva mwenye mke alale Murongo na gari limepakiwa? Msibani jibu lilikuwa limeshapatikana: alikuwa na mwanamke kule. Na yule mwanamke wa Murongo alikuwa ameshapewa hadi nyumba na rangi ya mlango, ingawa hakuna aliyewahi kumwona. Wengine wakaongeza rubisi, wakasema alitoka asubuhi akiwa bado amelewa, mtu ambaye nilimjua kwa soda. Ukoo wa kumsemea hakuwa nao. Mkewe, Mama Neema, alisimama kaburini mikono ameikunja. Zamu yake ya kutupa udongo ilipofika aligeuka akaingia ndani ya nyumba.

Wiki iliyofuata gari lilivutwa likaletwa kwangu. Mikungu ilikuwa imeshaibwa, lakini majani yalikuwa bado yamefungwa na kamba kwenye keria. Nikaangalia betri. Ilikuwa imekwisha kabisa, hata taa ya ndani haikuwaka. Betri ile niliifunga mimi mwezi mmoja kabla, mpya. Nikatazama swichi ya hazadi, zile taa zinazowaka na kuzima pande zote. Ilikuwa imebonyezwa. Anatoli aliwasha hazadi akitumaini mtu wa barabarani ataziona.

Vijana, hapa ndipo ujuzi unapokuwa mzigo. Hazadi haziwezi kumaliza betri mpya kwa saa chache. Zinahitaji usiku mzima. Kama aliwasha saa mbili asubuhi ya Jumatano, wale wanawake wangelikuta gari alasiri taa zikiwaka bado, nao walilikuta limezimika. Nikafuata nyaya za kifaa: hakuna uliokatika, hakuna kilichovunjika. Kifaa kilizimika saa mbili asubuhi kwa sababu umeme ulikuwa umekwisha saa hiyo. Gari lilikuwa limelala bondeni tangu Jumanne.

Nikafunga betri nyingine. Kifaa kikaamka, kikaendelea kusema kiko Murongo. Nikapanda juu, nikakata kamba, nikayavuta yale majani yakaanguka chini. Nikangoja. Kidoti kikaruka kutoka Murongo kikaja kusimama Kayanga, uani kwangu. Majani yenyewe yalikuwa yameanza kukauka, na bado yalitosha. Siku yalipokuwa mabichi yamelowa maji, antena yangu iliyojificha chini ya chuma haikuona kitu tangu kamba ya kwanza ilipofungwa.

Nilikaa chini pale pale kwenye oili. Nilielewa mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, kama ningeipandisha antena ile shubiri moja tu, Jumanne jioni tungemfuata Anatoli Bugomora tukamtoa. La pili, hakukuwa na mwanamke yeyote Murongo. Na mtu pekee aliyejua yote mawili ni mimi, na siwezi kusema la pili bila kusema la kwanza.

Nikakifungua kifaa, nikakitia kwenye kopo la skrubu. Bi Zuhura nikamwambia kimeingia maji, hakifai. Mzee Seif alikuwa ameshafariki, nami nikashukuru kwamba hayupo kuniuliza, na hilo nalo ni la aibu.

Nilinyamaza miaka mitatu. Naijua kila sababu niliyojipa: nina familia, wateja watanikimbia, aliyekufa harudi. Nilimtumia Mama Neema sukari na sabuni, naye akanishukuru, na kila shukrani ilikuwa inanichoma. Nilikuwa nasikia watu wakimtania dereva anayechelewa, "Au umelala Murongo kama yule?" Wakacheka. Siku moja nami nilicheka, kwa kuogopa kutocheka. Sijawahi kujichukia kama siku ile.

Macho yalipogoma nikaamua kufunga karakana. Nikiwa namwaga makopo kugawa skrubu, kifaa kikaanguka mbele yangu. Sikukirudisha kwenye kopo. Nilikwenda nacho moja kwa moja kwa Bi Zuhura, nikamweleza nikiwa nimesimama. Alinisikiliza hadi mwisho. Yeye ndiye aliyetangaza kidoti msibani, na nilimwona anakumbuka. Akachukua ufunguo wa gari, lile lile, alilokuwa amelinyoosha bodi, akauweka mezani.

"Mwambie Mama Neema kwanza, Proje. Mimi nitakuja nyuma yako."

Nikakirudisha kifaa mahali pale pale nilipokiweka mwanzo, chini ya bamba. Nikatafuta dereva wa kuendesha, maana mimi barabara siioni vizuri tena, tukaenda Igurwa. Mama Neema alikuwa anaanika kahawa.

"Karibu, shemeji. Za siku nyingi?"

"Nzuri, shemeji. Nina neno, lakini kabla ya neno nina ombi. Nikatie majani ya migomba, mabichi, mengi."

Alinitazama, akachukua panga, akakata bila kuuliza. Mvua ya asubuhi ilikuwa bado juu ya majani. Kabla hatujapakia nilimpa simu ashike, nikamwonyesha kidoti: hapa ndipo nyumbani kwako, na gari liko hapa. Akasema anaona. Tukatandika majani kwenye keria, tukaweka na mikungu miwili aliyokuwa ameikata kwa ajili ya soko, tukafunika, yakaning'inia mbele. Nikamwomba apande na simu mkononi.

Tukaenda. Tukapita shule, tukapita zahanati, tukatokea barabara kubwa, na dereva akaendelea. Mama Neema alikuwa anatazama simu, anatazama nje, anarudi kwenye simu.

"Hiki kinasema tuko nyumbani," akasema.

"Ndiyo."

"Na hatuko."

"Hatuko, shemeji."

Ndipo nikamwambia. Nilimweleza majani, antena, harusi niliyokuwa nawahi, betri na hazadi. Nilimweleza saa mbili asubuhi ni nini hasa. Nilimwambia kwamba nilijua wiki moja baada ya maziko. Sikumwomba msamaha wakati ule, kwa sababu nilihisi nikiomba nitakuwa namwongezea kazi.

Aliishusha simu magotini, kidoti kimetulia uani kwake.

"Kumbe alikuwa anakuja," akasema. Halafu akamwambia dereva, "Geuza."

Tulipofika alishuka, akachukua jembe, akazunguka nyuma ya nyumba. Nilimfuata. Kibanja chake ni kisafi, hakuna jani lisilo na kazi, lakini katikati yake kulikuwa na kichaka cha majani kimo cha kiuno, na sikuelewa mpaka nilipouona msalaba wa mti umeinama ndani. Miaka mitatu alikuwa analima kuzunguka kaburi la mumewe bila kuligusa. Akaanza kupalilia. Nikanyoosha mkono nipokee jembe.

"Usiguse," akasema. "Rudi kwenye gari lako ukae."

Nikarudi nikakaa. Alipalilia hadi jua likageuka. Alipomaliza alikuja dirishani, udongo hadi kwenye viwiko, akaniuliza swali nililokuwa naliogopa kuliko yote.

"Aliishi muda gani pale chini?"

"Sijui, shemeji. Taa aliwasha mwenyewe, na alitoka nje mwenyewe. Zaidi ya hapo sijui."

Alilia pale, ameshika mlango wa gari, nami nililia ndani yake. Hakuniambia amenisamehe, wala sijamuuliza hadi leo. Aliniambia jambo moja tu: kwamba waliosema ni wengi, na yeye hana miguu ya kuwafuata wote, kwa hiyo niende mimi, niwaambie kwa kinywa changu, Igurwa, Kayanga, Bugomora na Murongo, mmoja mmoja.

Hiyo ndiyo kazi yangu tangu nistaafu. Nimemkuta yule kijana wa bodaboda, nikamwambia mbele ya wenzake kwamba alisema kweli na sisi tuliamini simu. Nimekaa kwenye vilabu vya rubisi nikaharibu utani wa watu. Na sasa nawaambia ninyi mnaofunga vifaa hivi: pandisheni antena juu, lipimeni gari likiwa limepakiwa, na fundi akikosea aseme siku ile ile. Halafu mkimsikia mtu yeyote anataja yule dereva wa ndizi, mwambieni hivi. Anatoli hakulala Murongo. Alipakia mchana, akakaza kamba, akashika njia ya kwenda kwa mkewe.